Obo Dar es Salaam: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mpigaji wa obo na makazi yangu ni Dar es Salaam. Kazi yangu imegawanyika sehemu tatu: napiga katika ibada, harusi na matamasha, nafundisha watoto na watu wazima, na ninafanya utafiti kuhusu zumari ya pwani yetu. Yafuatayo ni maswali ambayo wazazi, wanakwaya, wanafunzi na majirani huniuliza tena na tena, pamoja na majibu ambayo kwa kawaida huwa sipati nafasi ya kuyamaliza nikiwa nimesimama mlangoni na begi mkononi.

Obo ni nini? Je, si klarineti?

Si klarineti, ingawa kwa mbali zinafanana kwa rangi na kwa vitufe vya fedha. Obo ni ala ya kupuliza yenye urefu wa sentimita 65 hivi. Klarineti ina tete moja lililofungwa kwenye kipande cha mdomo, lakini obo ina tete la ndimi mbili zilizofungwa pamoja, zikiacha katikati upenyo ambao hata unga wa ukucha ungepita kwa shida. Ndimi hizo ndizo zinazotetemeka, na tundu la ala, ambalo huanza jembamba juu na kupanuka kuelekea chini, hupokea mtetemo huo na kuufanya sauti. Ala hii ilipata umbo lake nchini Ufaransa katika karne ya 17, na jina lake la Kifaransa lilikuwa na maana ya mti wenye sauti kubwa.

Kwa nini usiiite zumari tu, neno ambalo tayari tunalo?

Swali hili nalipenda, na jibu langu limebadilika kadiri utafiti ulivyonizoeza. Kamusi zetu nyingi hufasiri obo kuwa zumari, na Mkristo yeyote aliyekulia kanisani amelisikia neno hilo katika orodha ya ala za sura ya 3 ya kitabu cha Danieli, pale panapotajwa panda, filimbi, kinubi, zeze, santuri na zumari. Zote mbili ni ndugu, kwa kuwa zote hupigwa kwa tete la ndimi mbili. Hata hivyo zumari ya pwani ina mafundi wake, miondoko yake na ngoma zake, na nikiiita obo yangu zumari mbele ya mzee aliyepiga zumari maisha yake yote, atanitazama kama mtu aliyeingia na viatu sebuleni. Kwa hiyo nasema obo kwa ile ya okestra na zumari kwa ile ya kwetu.

Kwa nini okestra nzima hurekebisha ala zake kwa kuifuata obo?

Kwa sababu sauti yake hupenya na haitingishiki kwa urahisi, na pia kwa sababu mpigaji wa obo hana namna. Mpiga fidla hukaza au kulegeza waya kwa kuzungusha kigingi, lakini obo hutoa sauti ambayo tete lake la siku hiyo limeamua kutoa. Noti inayotolewa ni La ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo si la ya solfa inayohamahama kulingana na ufunguo wa wimbo, bali ni moja isiyohama. Hapa Dar es Salaam shida huwa kinyume: kinanda cha umeme cha kanisani hubaki pale pale kwenye 440, wakati joto la saa sita mchana linaipandisha obo juu yake, na kwaya nzima inasikia. Siku za namna hiyo natumia tete refu kidogo, nalegeza midomo, na kumwomba mpiga kinanda, kama kinanda chake kinaruhusu, akipandishe kwa kiasi kidogo sana.

Ni kweli kwamba obo hutengenezwa kwa mti wa Tanzania?

Ni kweli kwa sehemu kubwa ya obo za kitaalamu. Mti wenyewe ni mpingo, ambao wanasayansi huuita Dalbergia melanoxylon. Unapatikana katika nchi nyingi za Afrika, lakini Tanzania na Msumbiji ndizo zinazojulikana zaidi kwa kuutoa kwa ajili ya ala za muziki, na kwetu mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara, ndiyo kitovu chake. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kiini chake huzama majini, hukua polepole kwa miongo mingi kabla ya kufaa kuvunwa, na mara nyingi huwa umepinda au una mashimo ndani, hivyo gogo zima huishia kutoa vipande vichache tu vilivyonyooka vya kutengenezea obo au klarineti. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa vizuri, mwaka 2009, hatua iliyowawezesha wanakijiji kuuza mpingo wao kama mali ya msitu unaotunzwa, badala ya kuangalia magogo yakipita barabarani.

Tangu Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia imekuwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kwa takriban miaka mitatu wanamuziki wengi duniani walisafiri kwa hofu ya kuulizwa vibali mipakani. Mkutano wa mwaka 2019 uliofanyika Geneva ulizitoa ala zilizokamilika katika sharti hilo. Hata hivyo mimi bado husafiri na risiti ya obo yangu, kwa sababu si kila afisa wa forodha amesoma maazimio ya Geneva.

Wapo wanaoniuliza kama sioni uchungu kununua kwa dola kitu ambacho mti wake ulitoka kwetu. Naona. Obo mpya ya kitaalamu ya mpingo huuzwa kwa zaidi ya dola 7,000 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ni kazi ya mikono ya fundi wa Paris au London na vitufe vyake, wala si bei ya mti.

Kwa nini kila tukikupitia asubuhi unachonga?

Kwa sababu kuchonga ndiyo kazi yenyewe, na watu wachache wanaonisikia jukwaani hulijua hilo. Tete la obo halidumu. Baada ya saa 10 au 15 za kupigwa huanza kulegea, sauti inakuwa bapa, na noti za chini zinakataa kutoka. Anayenunua matete yaliyochongwa kwa mkono kutoka Ulaya au Marekani hulipa kati ya dola 20 na 35 kwa moja, bila nauli na ushuru, na likifika Posta linaweza kuwa halipatani na hewa ya hapa. Kwa hiyo najitengenezea.

Mmea unaotumika ni Arundo donax, ambao unaota sehemu nyingi za Mediterania, ila ule wa mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, ndio unaosifika tangu zamani. Mrija wenye kipenyo cha milimita 10 au 11 hupasuliwa mara tatu, kila kipande hukwanguliwa kwa ndani mpaka kibaki na unene wa karibu milimita 0.6, kisha huloweshwa, hukunjwa katikati, hukatwa umbo na kufungwa kwa uzi wa nailoni juu ya kijibomba cha chuma chenye urefu wa milimita 47. Kufikia hapo huna tete bado, una kipande cha mti kilichofungwa uzi. Ncha ikishakatwa, unaingiza kipande cha bati chembamba kama ulimi wa nyoka kati ya ndimi mbili, unashika kisu kwa mkono wa kulia na kidole gumba cha kushoto kinakisukuma kwa nyuma, na kuanza kukwangua kuelekea nchani. Unga unaotoka ni mweupe na laini kama poda ya mtoto. Mkwaruzo mmoja wa ziada, tete limekufa.

Ili kujua kama tete liko tayari, mpigaji hulitia mdomoni peke yake, bila ala, na kupuliza. Wenzetu wa Marekani na Uingereza hukiita kilio kinachotoka kunguru, nami sijapata jina linalofaa kulishinda hilo katika mji huu. Juu ya mwembe wa nyumba ninayopanga kuna kunguru weusi wasiohesabika, na asubuhi nikijaribu tete zuri wao hujibu. Tete baya hawalijali. Sidai kwamba hiki ni kipimo cha kisayansi.

Je, matete yetu ya mtoni hayafai?

Nimejaribu yale ya kandokando ya mto Ruvu. Kwa jina ni matete, lakini ni mmea mwingine, na kuta za mirija yake ni nyembamba na laini mno; kisu kinapita kama kwenye karoti iliyochemshwa. Nilipata sauti kwa dakika chache, na ilikuwa sauti ya kuchekesha.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam inaiathiri vipi ala ya mti?

Wengi hudhani unyevu ndio adui. Unyevu unanisumbua kwenye matete, ambayo wakati wa masika huvimba na kufunguka kuliko kawaida, lakini kwa mwili wa ala hatari kubwa ni kiyoyozi. Mpingo hupasuka pale ambapo ndani yake unapata hewa ya moto yenye mvuke kutoka kinywani wakati nje umepoa na kukauka. Ndiyo maana obo mpya hupigwa dakika 15 au 20 tu kwa siku katika wiki zake za kwanza, na kila baada ya kupiga hupitishwa kitambaa cha hariri ndani ili kukausha mate.

Nilijifunza hili kwa hasara. Niliitwa kupiga katika ukumbi mmoja wa harusi, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 16, na kwa kuwa maharusi walichelewa kwa saa mbili, obo ilikaa mezani ikipoa pamoja na soda. Walipoingia, mshereheshaji alinipa ishara ghafla nami nikapuliza bila kuipasha moto kwanza chini ya kwapa. Siku ya pili niliona ufa, mwembamba kama unywele, kati ya vitufe viwili vya juu ambako obo nyingi hupasukia. Fundi wa obo wa karibu sikuwa naye. Nilikwenda Mwenge kwa wachongaji wa vinyago, kwa hoja kwamba kama kuna mtu anayejua mpingo unavyopasuka ni yule anayeuchonga kutwa. Mzee mmoja aliipokea ile sehemu ya juu, akaipima uzito kiganjani, akailamba kidogo pale penye ufa, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hawa wameupaka rangi kwa nini?” Alinionyesha michirizi ya kahawia ambayo sikuwahi kuiona. Alikataa kabisa kuugusa ufa kwa gundi yoyote kabla haujatulia, akaniagiza niiweke ala ndani ya mfuko pamoja na ganda la chungwa kwa siku tatu ili irudishe unyevu wake polepole. Ufa ulijifunga, nikauziba kwa tone la gundi kali inayopenya, na hadi leo haujafunguka tena.

Unaweza kuishi kwa kupiga obo tu?

Hapana, na nisingependa kumdanganya kijana yeyote katika hili. Okestra yenye mishahara ya kudumu, ya namna inayomlipa mpigaji wa obo mwaka mzima, haipo katika mji huu. Kazi zangu za jukwaani hutoka sehemu nne: makanisa, hasa nyakati za Pasaka na Krismasi, kwaya zinapoimba kazi kubwa, harusi na sendofu, matamasha ya vituo vya utamaduni, na kurekodi studio, ambako watayarishaji wa muziki wa injili na wa taarabu wanaitaka rangi ya sauti ambayo kinanda hakiigi vizuri. Harusi ndizo zinazolipa. Matamasha ndiyo yanayonikuza.

Kwa kuwa mpiga piano anayesoma noti za mistari vizuri hapatikani kila mara, nimejijengea mtaji wa kazi zinazopigwa na obo peke yake. Kazi ya Benjamin Britten ya mwaka 1951 yenye vipande sita imeniokoa mara nyingi, kwa sababu haihitaji mtu mwingine, haihitaji umeme, na tamasha likikatikiwa umeme inaendelea. Imewahi kutokea.

Kuhusu malipo, nashauri makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, na nusu ilipwe kabla. Msanii anayefanya kazi kwa malipo anapaswa pia kujisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mwenye tungo au rekodi zake azisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ada hizo ni ndogo kuliko usumbufu wa kukosa karatasi siku inapohitajika.

Mtoto anaweza kuanza akiwa na umri gani?

Miaka 10 kwenda juu kwa wengi. Kabla ya hapo vidole havifiki, na misuli ya midomo huchoka upesi. Mtoto mdogo zaidi namwanzisha kwa rekoda, ambayo ni rahisi kununua na vidole vyake vinafanana na vya obo kwa kiasi cha kutosha.

Mwanafunzi wangu haishiki obo katika wiki mbili za kwanza. Anakaa na tete tu na kikombe kidogo cha maji, na ninamfundisha kupumua. Watu hudhani obo inamaliza pumzi. Kinyume chake, upenyo wa tete ni mdogo sana hivi kwamba hewa haitoki, na mpigaji hufika mwisho wa sentensi ya muziki akiwa bado amejaa hewa iliyochakaa. Ni lazima kwanza aitoe ndipo avute mpya. Nina mwanafunzi wa miaka 12 ambaye alikuwa akipiga wimbo mzuri hadi mstari wa pili, uso ukiwa mwekundu kama nyanya, na mama yake akisema, “Mwalimu, mwanangu ana pumu?” Hakuwa na pumu. Nilimwekea alama ya mkato mara mbili kwenye karatasi, moja ya kutoa na moja ya kuvuta, na wimbo ukaisha.

Wanafunzi wangu wazuri wengine walitoka katika bendi za matarumbeta za kanisani, kwa sababu wana masikio na wana ustahimilivu, ingawa inawachukua muda kuacha kupuliza kana kwamba wanatembea barabarani mbele ya msafara wa bwana harusi.

Ninunue obo gani?

Ya plastiki kwa anayeanza, iliyotumika, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na ikaguliwe na mpigaji kabla fedha haijatoka mkononi. Obo mpya za bei ya kutupa zinazouzwa mtandaoni nimeshika tatu, na hakuna hata moja iliyoweza kutoa noti zote. Plastiki haipasuki, na kwa Dar es Salaam hilo pekee linatosha.

Ni lazima kusoma nje ya nchi?

Kwa obo yenyewe, wakati fulani utahitaji kukaa karibu na mwalimu bingwa, na wengi wao wako nje. Lakini msingi unaweza kujengwa hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, na Unguja kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho kimefundisha taarabu, ngoma na nadharia kwa vijana wengi. Mitihani ya Uingereza ya ABRSM yenye madaraja 8 inaweza pia kufanywa kwa video tangu mwaka 2020, jambo lililowapunguzia wanafunzi wangu nauli.

Utafiti wako unahusu nini hasa?

Unahusu matete ya zumari: yanatengenezwa kwa nini, na nani, na ujuzi huo unarithishwa vipi. Nilianza na swali la miondoko, lakini nilipokutana na wapigaji niligundua kwamba walikuwa tayari kunieleza mambo yote isipokuwa tete. Mzee mmoja wa Pemba alikubali kuzungumza nami juu ya tete siku nilipotoa kisu changu na kuanza kurekebisha la kwangu mbele yake, bila kumuuliza chochote. Alinitazama kwa muda, akasema, “Unalikwangua sana begani,” na alikuwa sahihi.

Zumari hupigwa tofauti kabisa. Tete huingia lote mdomoni na midomo hukaa juu ya kisahani kilicho nyuma yake, kwa hiyo midomo haiwezi kulibembeleza tete kama ninavyofanya kwenye obo. Mpigaji huhifadhi hewa mashavuni na kuisukuma kwa mashavu hayo wakati anavuta nyingine kwa pua, ili sauti isikatike ngoma ikiendelea, kwa mfano katika kirumbizi ambako wachezaji wenye fimbo hawamsubiri mtu apumue. Mimi huweza kufanya hivyo kwa sekunde chache na obo. Yeye hufanya usiku mzima.

Kumbukumbu za sauti zipo pia. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi Tanganyika mwaka 1950, miaka minne kabla ya kuanzisha hifadhi ya International Library of African Music, na rekodi za namna hiyo husaidia kulinganisha vizazi, ingawa hazimwonyeshi mtu akikata tete.

Kwa anayetaka kufanya utafiti wa namna hii: kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni kwa Tanzania Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake, hivyo anzeni mapema. Mkishaenda, nakala ya rekodi irudishwe kwa mwenye sauti, ndani ya simu yake au ya mjukuu wake, siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka. Ahadi za kutuma baadaye wazee wamezisikia nyingi.

Unauza matete?

Nauza machache kwa wanafunzi wangu, yaliyojaribiwa. Kwa wengine nauza yaliyofungwa uzi lakini hayajachongwa, na Jumamosi moja kila mwezi tunakaa barazani kwangu, kila mtu na kisu chake, tukiyamalizia. Njooni na kikombe cha maji na kitambaa cha kufunika magoti. Visu vya kuazima ninavyo viwili tu.